Nilivyojifunza kuiona brashi kwenye manyoya ya sungura

Picha za wanyama nazipenda tangu zamani, ila nilitaka nifike mahali ambapo siishii kusema "kama yu hai". Nilitaka kuiona kazi ya mkono. Nikaanza na sungura wa mchoraji Mjerumani Albrecht Dürer wa mwaka 1502, anayehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho la Albertina, Vienna. Ni kazi ndogo, takribani sentimita 25 kwa 23, iliyochorwa kwenye karatasi.

Nilitafuta nakala yake mtandaoni, nikaikuza mpaka bega likajaa skrini, kisha nikachukua rangi za maji na brashi yangu nyembamba kuliko zote, nikanakili kipande kidogo tu cha manyoya. Hapo ndipo hatua za kazi zilipojitokeza. Chini kuna rangi ya kahawia iliyozimuliwa sana, imetandazwa kwa wepesi. Juu yake inakuja mistari iliyokolea, unywele mmoja mmoja. Kisha kuna mistari myeupe, na hiyo ndiyo iliyonisumbua, maana rangi ya maji ya kawaida hupitisha mwanga. Ukiipaka juu ya kahawia iliyokolea inamezwa. Nilipojaribu ile nzito, yenye kufunika kilicho chini yake, ikakaa. Dürer alitumia zote mbili, na ukishalijua hilo unaanza kuzitenganisha kwa macho: huku wepesi, huku uzito.

Sharubu nazo zinataka mkono usiosita. Brashi ikisimama katikati ya safari, unene wa mstari unabadilika na jicho linalinasa papo hapo. Tazama pia jicho la sungura: ndani yake mna kidirisha kinachong'aa, chenye fremu zake. Ni alama chache tu za brashi, lakini zinakuambia mwanga unatoka wapi.

Baada ya hapo nilimgeukia ndege aina ya chiriku aliyechorwa na Mholanzi Carel Fabritius mwaka 1654, aliyeko kwenye jumba la makumbusho la Mauritshuis, The Hague. Hapa ni rangi za mafuta juu ya ubao, na mambo yanageuka kabisa. Fabritius hahesabu manyoya. Anapaka kwa mipigo mipana inayoonekana wazi, na penye manjano ya bawa ameikwaruza rangi ingali mbichi kwa mpini wa brashi. Nilijaribu mkwaruzo huo kwenye kipande cha ubao. Mafuta hayakauki haraka, kwa hiyo nilikuwa na muda wa kutosha; rangi ilisogea pembeni ikaacha mfereji wenye kingo zilizoinuka, na kingo hizo zikashika mwanga zenyewe.

Subira ya Dürer naiheshimu sana. Lakini nikiambiwa nichague sehemu moja ya kutazama siku nzima, nitachagua bawa lile.