Nimeshika hela ya Tabora kwa mkono wangu

Jamani leo ndo mara ya kwanza naingia kwenye maonyesho ya sarafu hapa Berlin, nlidhani ntakaa nusu saa tu kumbe nimetoka jioni wanafunga. Meza kibao, wazee wameinamia vioo vyao vya kukuzia, kimya kabisa. Afu kwenye meza ya pembeni nakuta kiboksi cha sarafu za kwetu za enzi za Mjerumani, heller zenyewe, yani hizi hizi zilizotuachia neno hela! Mzee mwenye meza akanielekeza shika kwenye ukingo tu, uso wake usiuguse maana jasho la vidole linaiharibu. Akanipa heller 20 ya 1916, shaba ya manjano, chapa imekaa upandeupande, na kaherufi T. T ya Tabora! Vita imeshika, Waingereza wamefunga njia ya bahari, sarafu kutoka Ujerumani haziji, basi zikagongwa palepale Tabora kwenye karakana ya reli. Bibi yangu kazaliwa Tabora, mkono ulinitetemeka kweli. Nimeinunua euro 15, ipo hapa mezani naiangalia tu, sijui nimpigie nani kwanza, mama au mjomba.