Yaliyo Lazima Tu

Mahujaji wetu walikuwa wameshaondoka. Kila mwaka mwishoni mwa Mei, Wakatoliki wa pande zetu za Tororo huenda kwa miguu Namugongo, walikouawa mashahidi wa Uganda, ili wafike kabla ya tarehe 3 Juni, na mwaka ule wa 2011 paroko wetu alikuwa nao njiani. Padre wa pili alikuwa kigangoni, mahali ambapo simu haishiki. Basi nesi wa zamu alipohitaji mtu wa Kanisa anayesema Kiswahili, usiku ule alinipigia mimi, katekista.

Mgonjwa alikuwa dereva wa trela, Mgiriama wa Mariakani. Gari lilikuwa limeacha barabara baada ya Malaba, likapinduka, na usukani ukambana tumboni. Alikuwa amepoteza damu nyingi. Alfajiri angepelekwa Mbale kupasuliwa, na daktari hakumficha kwamba huenda asifike. Hakuwa amebatizwa. Mkewe ndiye Mkristo, na ndiye aliyemwambia kwa simu aombe padre.

Nilimpa pole, nikakaa kwenye ukingo wa kitanda. Mkono wa dripu aliuweka kifuani kama mtu aliyeshika kitu kisianguke.

“Mwalimu,” akasema, “mke wangu amenihubiria miaka mingi, na kila mara namwambia ngoja nistaafu. Sasa muda sina. Niambie yaliyo lazima tu. Mengine yaache.”

Sijawahi kuulizwa swali zito kuliko hilo. Kazi yangu ni kufundisha wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa, na sina haraka nao. Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita Mapadre Weupe, walipofika Buganda mwaka 1879 walikuja na agizo la mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie: mtu afundishwe na kupimwa miaka minne kabla ya kubatizwa. Wapo wanaoona huo ulikuwa ukali. Mimi naona ulikuwa upendo. Kummwagia mtu maji kichwani ilhali hajui anajikabidhi kwa nani si huruma hata kidogo, ni kumdharau.

Lakini nchi ileile ndiyo iliyoona usiku wa Munyonyo. Mei 1886 Karoli Lwanga, mkuu wa vijana wa ikulu, alijua Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, atawahukumu vijana hao, na wengine wao walikuwa bado katika mafundisho. Hakusubiri miaka minne itimie. Aliwabatiza yeye mwenyewe, akiwemo Kizito, mtoto wa miaka kama 14, na siku chache baadaye wakachomwa moto Namugongo. Mukasa Kiriwawanvu hata hayo maji hakuyapata. Alikufa akiwa mkatekumeni, na bado yumo kati ya wale 22 ambao Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu mwaka 1964. Kwa hiyo miaka minne ilikuwa njia nzuri, ila haikuwa mlango wenyewe. Mlango ni upi, hapo ndipo dereva aliponiweka.

Paroko alikuwa ametukaririsha sisi makatekista kanuni ya 865 ya Sheria ya Kanisa. Mtu mzima aliye katika hatari ya kufa anaweza kubatizwa akiwa na ujuzi fulani wa kweli kuu za imani, akionyesha kwa njia yoyote kwamba anautaka ubatizo, na akiahidi kushika amri za dini ya Kikristo. Ujuzi fulani. Kanuni haikusema kurasa ngapi.

Nilianza na maneno ya Waraka kwa Waebrania, kwamba amwendeaye Mungu lazima aamini kwamba yeye yuko, na kwamba huwapa thawabu wale wamtafutao. Sijafika mbali, mama aliyekuwa akimuuguza mwanawe kitanda cha pili akaingilia. Alikuwa mlokole, kitenge kimefungwa kifuani, Biblia yake imechakaa hadi jalada limeshonwa kwa uzi.

“Mwanangu, usimchoshe mgonjwa na masomo. Yule mnyang'anyi msalabani alisoma darasa gani? Aamini tu, ataokoka.”

Simbezi mlokole. Uamsho wao ulirudisha moto katika makanisa mengi ya Afrika Mashariki, na mama yule alikuwa anamtakia dereva mema yaleyale niliyomtakia mimi. Kabla sijajibu, dereva akauliza, “Mnyang'anyi gani?”

Hakuwa ameisikia hadithi hiyo. Mama akamsimulia: misalaba mitatu, mmoja anatukana, mwingine anaomba, na Yesu anajibu, “Leo hivi utakuwa pamoja nami peponi.” Alisimulia vizuri kuliko ninavyoweza mimi. Dereva alifumba macho nikadhani amelala, kumbe anafikiri.

“Huyo mnyang'anyi,” akasema, “alikuwa anajua nini?”

Kwa kawaida watu humtaja mnyang'anyi yule kuonyesha kwamba kujua si kitu. Dereva aliuliza kinyume. Nikafungua Luka sura ya 23 nikasoma polepole chini ya taa ya wodi, na yeye akahesabu kwa vidole vya mkono usio na sindano. Mnyang'anyi anamkemea mwenzake, “Wewe humwogopi hata Mungu?” Kidole cha kwanza: anajua yuko Mungu, na hukumu ipo. Anakiri wanapokea malipo wanayostahili. Cha pili: anajua yeye ni mkosaji. Anasema huyu hakutenda lolote lisilofaa. Cha tatu. Halafu anasema, “Ee Yesu, nikumbuke utakapoingia katika ufalme wako.” Hapo dereva akanizuia.

“Ngoja. Anamwambia mtu anayekufa kwamba ataingia kwenye ufalme?”

“Ndiyo, baba.”

“Basi huyo alijua mengi. Wanafunzi wenyewe walikuwa wapi?”

Mama mlokole akacheka kwa furaha, akasogeza kiti karibu. Tukawa watatu. Dereva akataka nirudie habari za yule mwingine, aliyetukana, nikasoma: “Je! Wewe si Kristo? Jiokoe nafsi yako na sisi.” Dereva akanyamaza kidogo, halafu akasema kitu ambacho nimekifundisha tangu siku ile katika kila darasa langu: yule naye alijua jina. Alitundikwa pembeni kulekule, akaona yaleyale, hata “Kristo” akatamka, na haikumsaidia. Nikamwongezea neno la Yakobo, kwamba mashetani nao waamini na kutetemeka.

“Nimeelewa,” akasema. “Utingo wangu anajua ninavyoendesha. Anakubali hata mbele za watu kwamba naendesha vizuri. Lakini siku anayolala usingizi huku mimi niko kwenye usukani, kwenye mteremko, usiku, hapo ndipo ameniamini. Na asingelala kama angekuwa hajui ni nani anaendesha.”

Walimu wa Kanisa wameandika vitabu vinene juu ya kujua, kukubali na kujikabidhi. Yeye alivitaja vyote vitatu, kwa mpangilio wake, akiwa na damu ya mtu mwingine inaingia mshipani.

Baada ya hapo mengine yalikwenda upesi. Nilimwambia Mwana wa Mungu alifanyika mtu, akafa kwa ajili ya dhambi zetu, akafufuka siku ya tatu. Aliuliza kama alifufuka na vidonda vyake. Nikamwambia ndiyo, alimwonyesha Tomaso mikono na ubavu. Jibu hilo lilimgusa, nilimwona akipapasa bandeji yake. Nilipomuuliza kama anaamini na anaahidi kushika amri, hakujibu mara moja. Alimwita nesi, akamwomba aandike namba ya simu: utingo wake wa zamani, aliyemfukuza bila kumlipa mshahara. Mkewe aambiwe amlipe yule kijana, hata kama yeye atakufa, na amwombe msamaha. Ndipo akasema, “Naamini. Nataka.”

Nesi aliosha kikombe cha uji, akanichotea maji ya mtungini. Nikamwagia kichwani mara tatu, nikambatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Jina alichagua Kizito. Mama mlokole aliitikia amina kwa sauti iliyoamsha wodi nzima, kisha akamfuta maji kwa ncha ya kitenge chake. Gari la wagonjwa lilimchukua kabla ya jua kutoka.

Alipona. Nilizijua habari hizo kwa mkewe, na nilimshukuru Mungu kwa machozi. Kanisa linataka aliyebatizwa namna ile akipata nafuu aendelee kufundishwa, na parokia ya kwao ingempokea, lakini kabla ya kwenda huko alinipigia simu mwenyewe kutoka Mariakani. Tulisalimiana, akaniambia utingo amelipwa na sasa anafanya kazi kwa tajiri mwingine Voi. Kisha sauti yake ikabadilika, akawa yule mtu wa vidole.

“Mwalimu, usiku ule nilikuambia mengine yaache. Sasa nayataka. Anza na Roho Mtakatifu, kwa sababu ulinibatiza kwa jina lake na hukuniambia ni nani.”

Nikamwuliza kama mkewe yuko karibu na Biblia. Alikuwepo. Nikamwambia afungue Matendo ya Mitume, sura ya 2, tukaanza.