Mlinzi Aliponiambia "Ejo"

Kazi niliipata kwa simu. Sauti ya mwanamume iliniuliza maswali matatu kwa Kiingereza chenye lafudhi ya Kifaransa, kisha ikasema nifike Kigali Alhamisi, nitapokelewa stendi ya Nyabugogo, Jumatatu niingie darasani. Nilishukuru kwamba hakuna swali hata moja lililonilazimisha kutamka neno lenye L na R pamoja. Mimi ni Mkikuyu wa Nakuru. Shuleni nilichekwa kwa kushrabu, kutamka L mahali pa R na R mahali pa L, hadi nikajifunza kuchagua maneno kabla sijafungua mdomo, na sasa nilikuwa naenda nchi ya watu kuwafundisha matamshi.

Ilikuwa mwisho wa Februari 2009. Miezi minne kabla yake baraza la mawaziri la Rwanda lilikuwa limeamua shule ziache Kifaransa zifundishe kwa Kiingereza. Walimu wengi walikuwa wamesoma kwa Kifaransa tangu utotoni, kwa hiyo shule zilizokuwa na uwezo wa kuajiri zilitutafuta sisi wa Kenya na Uganda. Mimi nilikuwa nimetarmaki mwaka mzima nikitafuta kazi na diploma yangu ya ualimu. Ningeambiwa niende mwezini ningeuliza nauli tu.

Mama alinifungasha kama mtu anayekwenda kwenye njaa: unga, majani chai, vitabu, viatu, kila kitu ndani ya juala lake, na majuala yote ndani ya juala kubwa. Hakuna aliyetuambia kwamba Rwanda ilikuwa imepiga marufuku mifuko ya plastiki. Pale mpakani Gatuna askari alifungua begi langu, akatoa juala moja, la pili, la tatu, bila kuniambia neno baya, akayakusanya yote akaenda nayo. Nikabaki na unga wa mama mkononi. Nilivua leso niliyojifunika, nikafunga kila kitu kama fundo la muuza mitumba, nikalibeba kichwani kurudi kwenye basi. Basi likahamia upande wa kulia wa barabara, na abiria wawili wageni tukapiga kelele kwamba dereva amelewa.

Lakini hiyo ilikuwa Ijumaa tayari. Basi lilituharibikia baada ya Mbarara usiku wa Alhamisi, tukalala barabarani, simu yangu ikazima huko huko. Dada mmoja Mnyarwanda tuliyekaa naye aliniandikia maneno kwenye daftari ili nisifike bubu. Muraho, salamu. Murakoze, asante. Yego, ndiyo. Oya, hapana. Ejo, jana. Hilo la mwisho liliingia kwa sababu nilimuuliza angesemaje kwamba tulipaswa kufika jana.

Nyabugogo hapakuwa na mtu wa kunipokea. Nilipanda pikipiki, nikavishwa kofia ngumu kwa mara ya kwanza maishani, nikaishia mtaa wa Nyamirambo mbele ya geti la shule. Saa yangu ilisema kumi na moja, yao ilisema kumi, na wanafunzi walikuwa wameshatawanyika. Mlinzi, mzee mwembamba mwenye koti la mvua, hakujua Kiingereza. Nilitaja cheo cha mwajiri wangu, nikaonyesha barua. Akaitazama, akatikisa kichwa kwa huruma, akasema sentensi ndefu ambayo mwanzo wake niliushika, "diregiteri", na mwisho wake niliuelewa vizuri sana: "ejo". Nikamwomba arudie. "Ejo," akasema, akielekeza mkono barabarani.

Jana. Diregiteri alikuja jana. Alikwenda Nyabugogo kunipokea kama alivyoahidi, akangoja, akaniona mtu asiyetimiza neno, akaondoka zake. Mlinzi alimpigia kwa simu yake, haikupatikana. Nikakaa juu ya fundo langu pale getini nikihesabu fedha kichwani. Nauli ya kurudi ilikuwa haitoshi kwa kama nusu yake.

"Nani kama mama," sauti ikasema nyuma yangu.

Niligeuka karibu nianguke. Alikuwa mama wa makamo mwenye ushungi, anasoma maandishi ya leso yangu. "Hiyo ni leso ya Mombasa," akasema. "Wewe ni mtu wa wapi, mwanangu?" Kiswahili chake kilikuwa na Kongo ndani yake, lakini kilikuwa Kiswahili. Sijui kama nilimjibu au nilianza kulia kwanza. Baadaye alinieleza kwamba Nyamirambo ndiko Waislamu wa Kigali wanakoishi tangu zamani, na kwamba kuitwa mswahili mjini hapo haikuwa sifa. Watu wengine walimaanisha mjanja, mtu wa kuchungwa. Alilisema hilo huku akinimiminia chai ya maziwa yenye tangawizi, akicheka. Alikuwa na chumba uani, mkabala na shule. Sikumweleza habari ya diregiteri. Nilisema tu nitaanza kazi Jumatatu, kwa sababu niliona aibu kufukuzwa kazi kabla sijaianza.

Usiku huo niliandika barua mbili za kuomba msamaha, moja ya mwajiri na moja ya mama. Nikazichana zote.

Asubuhi niliamshwa na ukimya. Hakuna pikipiki, hakuna basi, hakuna redio ya dukani. Nilichungulia barabarani: maduka yote yamefungwa, na ilikuwa saa mbili. Mtu ambaye hakuwa Nakuru Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, hawezi kujua ukimya wa namna hiyo unafanya nini tumboni. Mwaka mmoja ulikuwa umepita tangu tulale sakafuni tukisikiliza mtaa ulionyamaza hivyo hivyo, tukijua kinachofuata. Na sasa nilikuwa Rwanda, nchi ambayo sikuhitaji kuambiwa historia yake. Nikavaa viatu, nikaketi kitandani, fundo mapajani.

Mama mwenye nyumba alinikuta hivyo. Alikuwa na jembe mkononi na jingine begani, nami nilipoliona lile jembe nilirudi nyuma hadi ukutani. Alilielewa haraka kuliko nilivyotaka. Aliyaweka yote mawili chini, polepole, akaketi karibu nami.

"Ni umuganda," akasema. "Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Watu wote wanatoka kufanya kazi ya mtaa, saa tano wanafungua. Leo tunafyeka pale shuleni. Njoo, diregiteri wako naye atakuja."

Nikamwambia diregiteri alishakuja, alikuja ejo.

"Nani kasema?"

Nikamweleza yote. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa ushungi. "Ejo ni jana," akasema. "Na ejo ni kesho. Sikiliza kilichotangulia. Wakisema *yaje ejo*, ameshakuja. Wakisema *azaza ejo*, mngoje. Mzee alisema vipi?"

Azaza. Nililikumbuka kwa sababu lilinikwaruza sikio, zile za mbili. Diploma yangu nzima ilikuwa ya kuwafundisha watoto wa watu tofauti ya wakati uliopita na ujao.

Nilimkuta mwajiri wangu ndani ya mtaro, suruali imekunjwa hadi magotini, anatoa matope kwa sepetu. Alikuwa kwenye mafunzo Butare juma zima. Aliyetakiwa kunipokea alingoja Alhamisi akaambiwa basi limekwama. Hakuna aliyekasirika. Alinipa mkono wenye tope, akanikaribisha kwa Kiingereza chenye R mahali pa kila L, na kwa mara ya kwanza tangu Gatuna nikajihisi nyumbani.

Kisha akawageukia majirani waliosimama na majembe, akanitambulisha kwa Kinyarwanda. Nilisikia "Kenya", nikasikia "azatangira", na mwisho "ejobundi".

Nikamtazama mama mwenye nyumba. Alikuwa ameinama anafyeka.

"Juzi," akasema bila kuinua kichwa. "Au kesho kutwa. Chagua, mwalimu."