Siku moja maishani mwangu: jukwaa letu ni bwalo

Saa kumi na nusu alfajiri, Ruiru. Nahesabu maleba kabla hata ya kunywa chai: kanzu mbili, leso nne, koti la chifu, mkongojo.

Saa kumi na mbili tuko garini, waigizaji tisa, spika mbili na pazia jeusi, tunaelekea Limuru. Watu wakisikia naigiza huniuliza nitaonekana lini kwenye runinga. Sisi ni wa vitabu teule. Tunazipeleka shuleni riwaya na tamthilia za KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, mwanafunzi amwone mhusika akitembea na kulia. Kiambu ina watu zaidi ya milioni mbili, lakini anayetaka mchezo kwenye ukumbi wenye taa za jukwaa kwa kawaida hupanda matatu aende Nairobi. Huku kwetu tamthilia huchezwa penye harufu ya githeri.

Tukipita Kamirithu dereva hupunguza mwendo. Yeye ni wa Limuru. Hapa mwaka 1977 wakulima na wafanyakazi wa viwandani walijijengea ukumbi wa wazi, wakaigiza kwa Kikuyu tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Serikali iliipiga marufuku kabla ya miezi miwili kuisha, na 1982 polisi wakaubomoa ukumbi. Sijawahi kupita hapo nikiwa na usingizi.

Saa tatu tulipaswa kuanza. Bwalo limejaa meza, na mwalimu aliyetuita haonekani. Tukazibeba meza wenyewe. Alipofika akasema kidato cha nne wana mtihani, tungoje. Tukangoja hadi saa tano, baridi ya Limuru imeingia kwenye mifupa. Tendo la pili halijaisha, stima ikapotea, spika kimya. Mimi ndiye mama mzazi, na onyesho langu kubwa ndilo lililofuata. Nikalisema kwa kifua changu hadi benchi la mwisho. Nilipomfukuza mwanangu, mpishi alisimama kwenye dirisha la jikoni, mwiko hewani. Hakuna aliyekohoa.

Kisha malipo. Tulikubaliana shilingi 150 kwa kila mwanafunzi. Mwalimu akasema walikuwa 410. Nilikuwa nimehesabu mabenchi: 75, wanane wanane.

"Mwalimu, hao ni mia sita."

"Madam, wengine walikuwa wamesimama nje. Na kwani mmepungukiwa na nini? Si mmecheza tu?"

Nilimweleza kuhusu mafuta ya gari, wiki tatu za mazoezi, sauti yangu iliyokwisha kukwaruza. Akatazama saa. Tukalipwa za 410. Zilizobaki, wiki ijayo. Deni la muhula uliopita bado nalidai vivyo hivyo.

Shule ya pili, upande wa mji wa Kikuyu, tulifika tumechelewa. Sijui ilikuwa saa ngapi tulipoanza. Nakumbuka miguu iliyovimba na jinsi koo lilivyochoma. Giza lilikuwa linaingia tulipokunja pazia, na nilikuwa najipangusa poda usoni kwa mafuta ya kujipaka, msichana mmoja akanijia mbio.

"Madam, huyo mama alimsamehe?"

"Soma sura ya mwisho."

"Nimeisoma mara mbili. Haisemi. Lakini leo umemtazama kama umemsamehe."

Kengele ya maandalio ikalia, akakimbia.