Captopril ya mtu mzima, mtoto wa kilo sita

Binti yetu alizaliwa na tundu kwenye moyo, na wakati tukisubiri upasuaji aliandikiwa captopril (dawa ya kulegeza mishipa ili moyo usielemewe) na furosemide (ya kutoa maji ya ziada mwilini) za kila siku. Vidonge tulivyopewa ni vya watu wazima: captopril ya miligramu 25, furosemide ya 40. Yeye alikuwa na kilo sita, na dozi yake ya captopril ilikuwa miligramu 3. Sasa chukua wembe ukigawe kidonge kile mara nane, usiku, mtoto analia. Hata nusu mbili zikilingana, robo hazitalingana, na ule unga unaobaki kwenye wembe nao ni dawa.

Mfamasia wa kliniki akaniambia, "Baba, usikate kidonge, gawa maji." Kidonge kizima cha miligramu 25 unakiweka kwenye mililita 25 za maji yaliyochemshwa yakapoa. Kila mililita moja inabeba miligramu moja. Anatakiwa apate 3? Vuta mililita 3. Basi.

Maji yenyewe nayo yanapimwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Vijiko niliviacha kabisa, maana vijiko vya chai vya nyumbani kwetu tu havilingani. Na mabomba nayo yana tofauti: lile la mililita 5 mistari yake inaruka 0.2, la mililita 2 inaruka 0.1, na lile jembamba la mililita 1 linasoma hadi 0.01. Nikajiwekea sheria ya kutumia bomba dogo kuliko yote linaloweza kubeba dozi. Furosemide yake ilikuwa miligramu 6, yaani mililita 1.5 kutoka kidonge kimoja kilichotiwa kwenye mililita 10. Kwenye bomba la 5 hiyo 1.5 inaangukia katikati ya mistari, unakisia. Kwenye bomba la 2 ina mstari wake.

Unasoma pale ukingo wa juu wa mpira mweusi ulipogusa mstari, ule ukingo unaoelekea mdomo wa bomba. Mapovu yatoe kwanza: elekeza mdomo juu, gonga kwa kidole, sukuma hewa itoke, halafu ndipo usome. Povu linakaa mahali pa dawa, na kwa dozi ndogo hivi lina uzito wake.

Hizi dawa mbili hazifanani tabia. Captopril huyeyuka, ingawa chenga za kidonge hubaki zikielea na maji hunuka kama kiberiti (nilidhani imeharibika, kumbe ndiyo harufu yake). Furosemide haiyeyuki vizuri, hushuka chini. Ukichanganya ukaenda kumbeba mtoto, utakaporudi juu kuna maji matupu na dawa yote iko chini. Kwa hiyo mtoto anapakatwa kwanza, kikombe kinakorogwa, unavuta papo hapo.

Kilichobaki kinamwagwa. Mke wangu kilimuuma sana kitendo hicho, kwa sababu tunatumia mililita 3 na kumwaga 22, tena dawa ya kununua. Lakini captopril ikishaingia kwenye maji huanza kuharibika, na ile ya asubuhi huwezi kuiamini jioni. Tulichanganya upya kila dozi.

Kilichonitia hofu kweli ni maboksi. Siku moja duka la dawa lilikuwa na captopril ya miligramu 50 tu. Kidonge kinafanana na kile kile, ila ukikitia kwenye mililita 25 umempa mtoto dozi maradufu. Nilipiga simu kliniki kabla ya kufungua boksi, nikaambiwa maji yawe 50. Tangu hapo nasoma namba ya boksi kila ninaponunua.

Bibi yake alipokuja kutusaidia, hakuwa anaiona mistari vizuri. Nikachora alama kwa rangi ya kucha kwenye mabomba mawili, nyekundu ya captopril, buluu ya furosemide. Kila kliniki mtoto alipimwa uzito, na dozi ilipobadilika nilitupa mabomba ya zamani siku hiyo hiyo, nikachora mapya na kuandika mililita kwenye karatasi ya kabatini. Dawa tunampa kidogo kidogo pembeni mwa shavu. Akitapika, haturudii kwa kukisia, tunapiga simu kwanza.