Siku moja kwenye shamba langu la mwani baharini, Jambiani, Unguja

Siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa sana, maji ndiyo yanayopanga ratiba ya nyumba yetu. Jana mwezi ulikuwa na siku mbili tangu uandame, nikajua maji yatapwa mpaka mbali kabla ya adhuhuri. Baada ya sala ya alfajiri nikabandika muhogo, huku binti yangu wa mwisho akikata taitai, vile vipande vya kamba nyembamba tunavyofungia mbegu, yaani matawi machanga ya mwani, kwenye kamba. Skuli wamefunga, kwa hiyo alikuwa wangu kutwa nzima.

Saa mbili tukashuka pwani, kanga kiunoni na viatu miguuni kwa ajili ya miiba. Njiani akauliza: "Mama, mwalimu katwambia mwani wetu ni mwani mwekundu. Mbona huu wa kijani?"

Swali zuri, na hata watu wazima linawatatiza. Mwani wa baharini una makundi matatu makubwa: kijani, kahawia na mwekundu. Huu tunaolima ni wa kundi jekundu, hata ukiuona wa kijani, wa kahawia au wa zambarau. Ndani yake mna rangi nyekundu inayonasa mwanga wa buluu, ule unaozama mbali majini, ndiyo maana baadhi ya mwani mwekundu huota kwenye kina kirefu. Aina za kundi hili zimepita 7,000. Hata zile karatasi nyeusi Wajapani wanazofungia wali ni mwani mwekundu.

Saa tatu tuko shambani, maji magotini. Nikamshikisha matawi mawili, ya aina mbili za mwani tunazolima, afumbe macho. Spinosum, matawi membamba yaliyojaa vijiti kama miiba. Kotoni, manene, laini, yanateleza mkononi. Alipatia yote mawili, nami nilifurahi kweli. Mbegu za biashara zililetwa kutoka Ufilipino, na kilimo kikaanza hapa Jambiani na Paje mwaka 1989, baada ya miaka mingi ya utafiti wa Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Kotoni ina bei nzuri kuliko spinosum, lakini haivumilii joto. Nina kamba tano tu, nimezifunga karibu na mkondo ambako maji hayatulii yakachemka. Jana mbili zilikuwa na madoa meupe. Tawi likishachoka kwa joto, vijidudu hulishambulia, linapauka, linalainika, kisha linakatika lenyewe. Tukayakata yote yaliyopauka, tukayatia kwenye kiroba twende nayo nchi kavu. Naumia sana nikiona mtu anayaachia yaelee mpaka kwenye shamba la mwenzake.

Kila mara tunaambiwa tupeleke kotoni kwenye kina, maji ya baridi. Ni kweli, inastawi huko. Lakini huko kunataka chombo na kunataka kujua kuogelea, na wengi wetu tumelima miaka yote tukiwa tumesimama. Anayetoa ushauri huo alete na mafunzo ya kuogelea.

Saa nne na nusu maji yalikuwa yamekauka kabisa. Tukavuna spinosum ya wiki sita, ila kwanza nikachagua mbegu: matawi machanga yenye ncha nzima. Ukivuna kwanza ukachagua mbegu baadaye, unabaki na makapi. Kabla ya saa sita maji yakaanza kurudi, tukayaacha magunia yaelee, tukayavuta taratibu mpaka mchangani. Mgongo unajua tofauti.

Mchana tulianika kwenye chanja. Sianiki mchangani, kwani mchanga unaharibu mali na mnunuzi anaona. Magunia manane mabichi hukauka yakawa kama moja.

Jioni, akipiga mswaki, binti akaniuliza wanunuzi wanaupeleka wapi mwani wetu. Nikamwambia hukamuliwa karajinani, ute unaogandisha: wa kotoni hukaza, wa spinosum huwa laini na kuvutika. Upo kwenye aiskrimu, na hata kwenye dawa nyingi za meno. Akautazama mswaki wake kwa muda.

Kesho maji yatachelewa kupwa kuliko jana. Nitaanzia kwenye zile kamba mbili za kotoni.