Siku moja ya kupima njia ya baiskeli: Manzese hadi Kariakoo

Saa 11 alfajiri. Nakusanya taarifa za ramani kwa ajili ya wanaobeba mizigo kwa baiskeli, na naanza na giza kwa sababu ya taa. Nguzo ukiiona mchana huwezi kujua kama taa yake inawaka, na wauza mkate wanaotoka na makreti saa hizi ndio wanaohitaji kujua. OpenStreetMap, ramani huria ambayo yeyote anaweza kuihariri, ina alama ya lit=yes (pana taa) na lit=no (hapana) ya kuwekwa kwenye kila kipande cha njia, basi napita taratibu, na kila mwanga unapoanza au kukatika naweka nukta kwenye OsmAnd, programu ya ramani ya simu.

Vifaa: simu iliyojaa chaji, pawabenki, futi ya mita 5, pampu, tyubu ya akiba, na spoki kuukuu iliyotiwa alama kila sentimita moja. Rekodi ya GPS ichukue nukta kila sekunde 1 au 2. Ukiiacha kwenye sekunde 10, kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa unapata nukta moja kila mita 40 na ushee, na kona zote zinakatwa.

Saa 12:30 asubuhi. Barabara ya Morogoro, njia ya pembeni mwa mwendokasi. Ramani nyingi huichora kama mstari mmoja usiokatika. Ukiipanda, unashuka na kupanda ukingo wa zege kila mtaa unapoingia barabara kuu. Kwa mtu asiye na mzigo hiyo ni kero ndogo. Kwa aliyebeba kilo 60 nyuma, gurudumu likigonga ukingo wa sentimita 10, tyubu hubanwa kati ya rimu na zege na kutoboka matundu mawili sambamba. Fundi akiona matundu hayo hahitaji kuuliza umepita wapi.

Kwa hiyo kila ukingo nauwekea nukta yake: kerb=flush ukiwa sawa na njia, kerb=lowered ukiwa kama sentimita 3, kerb=raised ukizidi hapo. Ni kazi ya kuchosha, lakini kama ningeruhusiwa kupima kitu kimoja tu, ningechagua kingo. Meza za biashara na bodaboda zilizoegeshwa siziweki. Leo zipo, kesho zimehamishwa.

Saa 2 asubuhi. Vichochoro vya Manzese. Usukani wa baiskeli ya kawaida una upana wa kama sentimita 60, ila mzigo ukikaa kwa upana unakaribia mita moja. Napima pale panapobana kuliko pote, kona ya ukuta au mtaro usio na mfuniko, kisha upana huo nauandika kwenye kipande hicho peke yake. Upana wa wastani haumsaidii mtu aliyekwama katikati.

Mchanga napima kwa spoki. Ikizama sentimita 5 au zaidi bila kusukumwa kwa nguvu, tairi jembamba litayumba na wengi watashuka wasukume. Hapo naandika surface=sand (njia ya mchanga) pamoja na kiwango cha smoothness, yaani ulaini wa njia. Nikiona nguzo za zege za kuzuia magari, napima nafasi iliyo kati yake.

Saa 4 asubuhi. Bonde la Jangwani. Mto Msimbazi ukifurika, barabara hapa hufungwa, na anayetoka Magomeni kwenda Kariakoo lazima ajue mapema. Kipande hiki kina flood_prone=yes, alama ya mahali panapofurika. Msimu nao hubadilisha ardhi: mchanga wa mitaani ukilowa kidogo hushikana na kupitika kuliko wakati wa kiangazi, ilhali udongo wa bondeni hugeuka tope linaloganda kwenye breki na madigadi. Njia iliyopimwa kiangazi tu inafaa kurudiwa wakati wa masika, Machi hadi Mei, na tarehe ya kupima iandikwe kwenye check_date.

Saa 5:30. Kariakoo. Maghorofa hurudisha mawimbi ya GPS, na rekodi inaruka hadi mtaa wa pili. Siitegemei tena, nahesabu makutano na kuandika majina ya mitaa kwa mkono. Mafundi baiskeli hawana mabango, hivyo nauliza majirani kama fundi hukaa hapo kila siku na hufunga saa ngapi. Nikihakikishiwa, anaingia kwenye ramani, na kama ana pampu naiandika pia.

Saa 8 mchana. Mezani, JOSM, programu ya kompyuta ya kuhariri OpenStreetMap. Kwanza nalinganisha picha ya setilaiti na rekodi kadhaa za GPS za barabara iliyo wazi, maana picha inaweza kuwa imesogea mita kadhaa. Ukichora bila kuisawazisha, kichochoro kinapita juu ya nyumba za watu. Kisha nakata mstari mrefu vipande vipande kufuata hali ya njia. Sinakili chochote kutoka ramani ya kampuni, leseni hairuhusu.

Kosa linaloharibu zaidi ni mistari miwili inayogusana kwa macho bila kuwa na nukta ya pamoja. Kwa jicho njia imekamilika, lakini programu ya kutafuta njia inaona ukuta na kumzungusha mtu kilomita nzima. Kikaguzi cha JOSM hukamata mengi ya haya. Nakiendesha kabla ya kutuma.

Saa 10:30 jioni. Nakala ya karatasi, kwa QGIS, programu ya kutengeneza ramani. Kwa kipimo cha 1:15,000, sentimita 1 ni mita 150, na A3 moja inachukua kama kilomita 6 kwa 4. Lami mstari mzito, changarawe mstari wa vipande, mchanga nukta. Nyekundu na kijani peke yake havitoshi, wapo wasioweza kuzitofautisha, na karatasi ikitolewa nakala ya nyeusi na nyeupe rangi zote zinapotea.

Saa 1 usiku. Natuma mabadiliko kwa mafungu madogo, kila fungu na maelezo ya mahali na namna nilivyopima. Daraja moja la miguu lina ngazi, na giza la alfajiri halikuniruhusu kuona kama lina mfereji wa kusukumia baiskeli. Hilo naliachia dokezo kwenye ramani, ili atakayepita mchana aangalie ndipo ramp:bicycle iandikwe.